Giza Limeingia, Ukurasa Umekwama

Kila siku akitoka shule, Nyangi alibadili sare, akanywa uji, kisha akashika simu ya biashara. Mama yake, Marieta, aliuza dagaa wa ziwani. Wanunuzi wa Bunda, Butiama na Nyamuswa waliagiza na kulipia kwenye ukurasa uliotengenezwa na Lameck, kaka yake Nyangi, fundi wa kompyuta huko Musoma mjini.

Ukurasa huo ulikaa kwenye kompyuta za kukodi, zilizo mbali. Nyangi alikuwa na kazi moja tu. Wakati wa giza, siku zisizo na mwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa, aliongeza nguvu ya kukodi ili ukurasa ubebe oda nyingi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ikilala na wateja wakipungua, aliipunguza ili wasilipie bure.

Mbalamwezi ilipowaka, akapunguza. Giza liliporudi, akili yake ilikuwa kwenye mchezo wa rede, akasahau.

Jumamosi chanja zilijaa dagaa wakavu, na mawingu meusi yalikuwa yanapanda kutoka ziwani. Dagaa wakinyeshewa, mwisho wao ni chakula cha kuku. Gari la mzigo lilikuwa linasubiri, lakini oda hazikupita. Kila aliyefungua ukurasa aliona kiduara kinazunguka tu. Mama alibonyeza, akasonya, akabonyeza tena. Gaudensia wa Nyamuswa, mteja asiye na dogo, alipiga kusema kidole chake kimeota sugu, na kama dagaa wameshindwa kupita kwenye simu, yeye atapika maharage.

"Nini tena, Nyangi?"

"Mtandao, mama. Mtandao mbaya."

Mama hakuridhika. Akampigia Lameck, akamwambia amemtengenezea kitu kibovu. Lameck akaapa kazi yake ni nzima, na maneno yakaanza kupanda. Nyangi alitazama mawingu, akasikia kaka yake anavyosemwa bila kosa.

"Mama, mwache kaka. Ni mimi. Giza limeingia na sikuongeza nguvu. Ukurasa bado uko kwenye mbalamwezi."

Mama akakata simu, akamtazama.

"Basi ongeza. Mengine baadaye."

Nyangi akaongeza. Muda si mrefu kiduara kikaacha kuzunguka, oda zikaanza kumiminika, ya Gaudensia ikiwa mbele. Magunia yakapakiwa mbiombio. Tone la kwanza lilianguka turubai likiwa limeshafungwa.

Jioni, wakichambua mboga, mama alisema taratibu:

"Unaonaga giza likiingia naita akina mama wa kuanika. Mbalamwezi wanarudi shambani. Nikiwaweka wote wakati hakuna dagaa, naumia. Nikibaki na mmoja dagaa wakiwa wengi, wanaoza. Hiyo kompyuta nayo ni kibarua, anaitwa kazi ikija. Ulisahau kumwita, hilo nalisamehe. Lakini ulipousingizia mtandao, tulihangaika kutafuta ugonjwa pasipouma. Kosa liseme mapema, mwanangu, kabla mvua haijafika."

Tangu hapo, Nyangi hutazama mwezi kwanza, ndipo ashike simu.