Vidonge vya Senge Wilkista

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fridah alifagia uwanja, kisha akampelekea chai Senge Wilkista, dada ya baba yake, aliyeishi nyumba ya pili mtaani kwao Kitale. Kwa Senge watu hawakukosekana. Huyu amekuja kuazima ungo, yule ameleta habari za nani amegombana na nani, na mwingine amefuata tu harufu ya mandazi. Senge hakumnyima mtu kitu. Alichokuwa nacho, kilikuwa cha wote.

Senge alikuwa na ugonjwa wa rovu, ule uvimbe wa shingoni, na hospitali ilimpa vidonge vya kumeza kila siku. Shingo ya Fridah nayo ilipoanza kujaa kidogo, Derrick wa darasa lao alimcheka mbele ya wote. "Ati Fridah, umemeza parachichi na kokwa lake?"

Fridah alikwenda kwa Senge akilia. Senge akamfungulia pakiti yake. "Meza hivi, mama. Si ugonjwa wetu ni mmoja? Lakini usimwambie mama yako, ataanza kelele."

Fridah akameza kila siku, wiki baada ya wiki. Kisha koo likaanza kumwuma. Likafuata joto kali, na vidonda mdomoni hata akashindwa kumeza mate. Majirani wakajaa nyumbani.

"Hiyo ni malaria," alisema Sellah, jirani yao.

"Malaria gani ya kooni, bana? Mpeleke hospitali!" mwingine akamjibu.

Mama yake, Phelista, alimpeleka hospitali, na Senge na Sellah wakafuatana nao. Fridah alitolewa damu. Daktari Kinyua aliporudi na majibu, hakukaa.

"Mama Fridah, chembe nyeupe za damu ya mtoto huyu karibu zimekwisha."

"Uwii! Saratani ya damu!" Sellah akapiga yowe, akatoka nje na simu yake. Muda si muda, jamaa zao Bungoma walikuwa wakilia, kwa kuwa waliambiwa mtoto ameshakufa.

Phelista alimkumbatia Fridah.

"Sijasema saratani," daktari alisema. "Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Sasa hana askari, na kidonda kidogo tu kinaweza kumwua. Kuna kitu kinazimaliza, na lazima nikijue. Amemeza dawa gani?"

"Za kutuliza maumivu tu," Phelista alijibu.

Fridah alimtazama Senge. Senge alitazama ukuta. Fridah alijua akisema, mama na Senge watakosana. Lakini joto lilikuwa likimchoma, na daktari alikuwa akingoja.

"Vidonge vya Senge," alinong'ona. "Vya shingo."

"Wifi!" Phelista aliruka. "Umempa mtoto wangu nini?"

"Nilitaka kumsaidia!" Senge akaangua kilio. Akatoa pakiti katika pindo la leso yake.

Daktari aliisoma. "Ndiyo hii. Wengi huimeza bila shida, lakini kwa wachache huzuia mwili kutengeneza chembe nyeupe. Asimeze tena hata kimoja!"

Fridah alilazwa katika chumba cha peke yake, akadungwa sindano za kuua vijidudu. Wageni walikatazwa kabisa. Senge alisimama nje ya dirisha kila siku.

Polepole joto lilishuka, na vidonda vikapona. Siku ya kuruhusiwa, Daktari Kinyua aliwaita wote.

"Chembe nyeupe zimerudi," alisema. "Tumeipima pia shingo ya Fridah, kumbe haikuhitaji vidonge hivi hata kidogo. Dawa huchaguliwa baada ya kumpima mgonjwa mwenyewe, hata kama jirani anaugua vivyo hivyo. Na Fridah angenyamaza siku ile, ningekuwa natibu gizani."

Senge alimshika Fridah mabega. "Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Siku nyingine mtu mzima akikupa dawa kisha akuambie ufiche, hata akiwa ni mimi, piga kelele mtaa mzima usikie."