Jina la Kumi na Nne

Sikumpenda Nafula tangu siku ya kwanza, na yeye hakunipenda. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani ninamsingizia, au ninamtetea.

Tulikuwa watu kumi na wawili kutoka kanisa letu la Tena. Tulivaa tisheti za zambarau zilizoandikwa MISHENI mgongoni, tukaenda kujitolea wiki moja katika kituo cha watoto yatima kule Mbotela. Ndiyo, Mbotela, hapa hapa Nairobi. Wengine huenda misheni Turkana, sisi tulivuka Jogoo Road. Dada zangu walinicheka, wakaniuliza kama nimeshapata pasipoti. Sikuwajali. Nilikuwa na sababu yangu. Ilikuwa na umri wa miaka sita, mapengo mawili mdomoni, na iliitwa Clare.

Nilikaa katika ndoa miaka tisa bila mtoto. Githinji, mume wangu, alichoka kungoja akahamia kwa mwanamke mwingine, nikabaki na duka langu la viatu na nyumba ya vyumba viwili iliyo kimya mno. Clare nilimwona Krismasi, kanisa lilipopeleka zawadi kituoni. Tangu hapo nikajaza karatasi zote za kumchukua nimlee. Ilikuwa imebaki sahihi moja tu, ya Nafula, mlezi mkuu wa kituo. Kila nilipomuuliza aliniambia bado anaomba juu ya jambo hilo. Miezi minne anaomba!

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilikuwa nikimtazama kwa jicho gani.

Tuliposhusha magunia ya maharagwe na katoni za sabuni, wala hakusema asante. Alisimama mlangoni, mwanamke mrefu, mkavu, leso imefungwa kiunoni, akatupima kwa macho mmoja mmoja.

"Mtakaa siku ngapi?"

"Sita, mama," Pasta Ngigi akajibu, na tabasamu lake la mimbarini.

"Sawa. Picha zenu mpige asubuhi. Jioni sitaki mtu aguse ratiba yangu."

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili jioni watoto walikaa kwenye mabenchi ukumbini, Nafula akafungua daftari kubwa la jalada jeusi, akaita majina. Mtoto akisikia lake anaitika "Niko!" Wakiisha wote, geti linafungwa kwa kufuli hadi asubuhi. Nilipendezwa. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu, na kitu kilichopangwa vizuri hunifurahisha.

Ila jina la kumi na nne lilinikera.

"Tiffany," Nafula aliita.

Hakuna mtoto aliyesema niko. Badala yake wote, wakubwa kwa wadogo, waliitika kwa pamoja:

"Ako ndani!"

Kisha jina la kumi na tano, kama kawaida.

Jioni ya pili nilihesabu vichwa. Watoto ishirini na wawili. Majina ishirini na matatu. Nikamfuata Nafula, nikamuuliza huyo Tiffany yuko wapi.

"Si umesikia ako ndani?" akasema, na akalifunga daftari karibu abane vidole vyangu.

Sasa mimi ni mtu wa Nairobi. Nimesikia habari za vituo vinavyoandika watoto wasiokuwepo ili wageni waongeze gunia. Nilijilaza kwenye godoro langu nikiwa na hasira tamu, hasira ya mtu aliyemkamata adui yake peupe. Mwanamke huyu ananinyima Clare, kumbe mwongo mkubwa!

Siku ya nne mtoto mmoja wa jirani aliteleza kando ya kisima cha maji ya kufulia, akapasuka paji la uso, Nafula akampeleka hospitali. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nikianua nguo, maana manyunyu ya Agosti yalikuwa yameanza, simu yangu ikalia. Alikuwa bado kwenye foleni.

"Njoki, sitafika na saa. Daftari liko juu ya kabati. Ita majina, ufunge geti."

"Haya."

"Uite yote. Vile yameandikwa."

"Nimesikia, mama."

"Yote, Njoki."

Nilikata simu bila kuaga. Hata akiwa hospitali ananiamuru kama kijakazi wake!

Watoto walikuwa wameshakaa. Wenzangu walikuwa jikoni wakipika, Pasta naye yuko nao. Nilisimama mbele, mgongo wangu kwa mlango ulio wazi, nikaita. Moja, mbili, tatu. Niko, niko, niko. Vizuri kabisa.

Nikafika kumi na nne.

Niliona watoto wakivuta pumzi, tayari kuitika. Sikuita. Nikatoa kalamu nyekundu mfukoni.

"Watoto," nikasema, "Mungu wetu anapenda ukweli. Hapa hatuiti mtu ambaye hayupo."

Nikapiga mstari juu ya jina lile. Kalamu ilichana karatasi kidogo.

Kimya.

Hata mabenchi, ambayo hayakosi kulia, yalinyamaza. Halafu ikaja harufu... Maji ya mtaro. Matope, na sweta ya sufu iliyolowa ikakaa imelowa.

Clare alikuwa benchi la mbele. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

"Anti," akanong'ona. "Hujamwita."

"Nimwite nani?"

"Ako hapo kwa mlango. Ananyeshewa."

Niligeuka. Mlango, ua, geti, manyunyu. Hapakuwa na mtu. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikajua ndivyo walivyofunzwa na yule mwanamke. Nikashika daftari, nikasoma la kumi na tano. Lilikuwa la Clare mwenyewe.

"Clare."

"Niko!"

Sauti mbili.

Moja ilitoka benchi la mbele. Nyingine ilitoka mlangoni, nyuma ya shingo yangu, na ilitangulia kidogo... ilikuwa na haraka, kama mtoto anayeogopa kuachwa.

Watoto waliinuka wakasongamana kwenye ukuta wa mwisho. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikatazama sakafuni. Nyayo ndogo za maji zilitoka mlangoni, zikapita kando ya kiatu changu, zikaenda hadi benchi la mbele.

Zikaishia kwa Clare.

Alikuwa amekaa peke yake, miguu inaning'inia. Soksi zake zilikuwa zikidondoka maji. Dakika moja iliyopita zilikuwa kavu, nilimvisha kwa mikono yangu. Akaniangalia, akatabasamu.

"Endelea, Mama."

Mama. Miezi minane nimembembeleza aniite hivyo. Nimempelekea viatu, nimempelekea peremende, nimemsuka nywele, naye ni Anti, Anti tu. Ningepaswa kukimbia. Sikukimbia. Nilifurahi mno. Nikamaliza majina, nikaenda kufunga geti huku moyo unaimba.

Nilipobana kufuli, kitu kiligonga bati upande wa nje. Kidole kidogo. Taratibu.

Ko. Ko. Ko.

"Anti?"

Nikajiambia ni watoto wa mtaa wanaotania wageni. Nikarudi ndani.

Nafula alifika saa moja na robo. Alisimama mlangoni akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye daftari, akaona wino mwekundu. Akanipiga kofi mbele ya Pasta Ngigi, kofi la kweli.

"Umekata jina la mtoto!"

"Mtoto gani? Hakuna mtoto!" nikapiga kelele. "Ni uongo wenu wa kuombea vitu!"

Akanivuta hadi stoo, akafunga mlango. Hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, na kila neno alinirushia usoni.

"Mwaka juzi walikuja wengine kama nyinyi. Tisheti zao zilikuwa za kijani. Wakasema nipumzike, wataniitia majina. Walikuwa na haraka ya kupiga picha ya kuagana, wakaruka jina moja. Mimi nilikuwa nimemtuma Tiffany dukani. Geti likafungwa. Ilikuwa mvua ya Aprili, na unajua vile inapiga haya mabati. Aligonga. Hakuna aliyesikia. Asubuhi tulimpata kwa mtaro."

Akafuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Wiki moja baada ya kumzika, harufu ikaanza. Nikajaribu kumwita pamoja na wengine, watoto wakamwitikia, ikaisha. Tukimwita, anatulia. Anachotaka ni kuwa ndani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeamini? Ungeniletea mafuta ya upako na spika."

Pasta alileta mafuta kweli. Alipaka milango na madirisha yote, akakemea hadi sauti ikakauka. Nafula hakumzuia. Aliandika jina la Tiffany upya pembeni, akasimama mlangoni, akaliita mara tatu. Watoto hawakuitika. Walikuwa wakimtazama Clare, na Clare alikuwa akinywa chai yake kwa raha zake, karibu na mimi.

Asubuhi Nafula alinirushia karatasi zangu mezani. Alikuwa ametia sahihi.

"Mchukue uende naye. Watoto wangu hawawezi kulala chumba kimoja na huyo."

Nilimchukua. Sikuuliza anamaanisha nini na "huyo". Ningeuliza ili iweje? Nilikuwa nimempata mtoto wangu.

Na ni mtoto mzuri, nisiseme uongo. Hasumbui, hachagui chakula, dukani ananipangia viatu kwa namba. Ananiita Mama toka asubuhi hadi jioni. Majirani wananionea wivu. Ni kweli kwamba soksi zake huwa mbichi hata nikizianika juani mchana kutwa. Ni kweli kwamba mapengo yake hayaoti meno. Hatoki nje kukinyesha, na giza likiingia huniuliza mara mbili, mara tatu kama nimefunga mlango. Watoto wa siku hizi wana mambo yao, nilijiambia.

Wiki ya tatu Nafula alinipigia simu, saa kumi na mbili na dakika chache jioni.

"Bado naita lile jina kila siku," akasema. Hakukuwa na kiburi katika sauti yake, hata kidogo. "Lilikuwa kimya. Jana liliitikiwa."

"Na nani?"

"Sikiza mwenyewe. Niko kwa geti."

Nikamsikia akivuta pumzi. Akaita.

"Tiffany."

Kwanza nilisikia upepo tu, na magari ya mbali. Kisha bati likagongwa, taratibu sana... na nyuma ya bati sauti ndogo iliyochoka, sauti niliyoijua, ikasema:

"Mimi si Tiffany. Mwambie Anti. Mimi si Tiffany."

Nikakaa sakafuni jikoni.

"Njoki, uko?" Nafula alikuwa akilia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia. "Nikifungua geti sioni mtu. Nimemwita kwa jina lake pia, hawezi kuingia, jina lake liko kwako. Mlete huyo uliye naye. Wewe ndiye ulikata, wewe ndiye utaandika. Tuwaite upya wote wawili, kila mtu na jina lake. Clare ataingia."

"Na huyu?"

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Huyo atarudi alikotoka. Lakini ni mtoto wa watu ameachwa nje, Njoki. Wote wawili ni watoto wa watu. Harakisha. Sauti yake inapungua."

Niliinua macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe chake cha plastiki, anangoja maziwa. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mama, ni nani huyo?"

"Mtu wa kanisa tu."

"Tunaenda mahali?"

Nilimtazama. Vazi nililomshonea mwenyewe, la maua madogo. Nywele nilizomsuka Jumapili. Ile harufu ilikuwepo, imekuwepo siku zote, mimi ndiye niliyekuwa nikiichomea udi. Nilijua ni nani aliyekuwa mbele yangu, na nilijua ni nani aliyekuwa kwenye baridi ya Mbotela akingoja nimtoe. Mungu wangu anajua nilijua.

"Hapana," nikasema. "Hatuendi popote."

Nafula nilimwambia tutakuja Jumamosi. Jumamosi duka lilikuwa na wateja wengi. Nikamwambia Jumamosi ijayo, na hiyo mtoto alikuwa na kikohozi. Akawa ananipigia kila jioni akishafunga geti, hasemi neno, anaielekeza tu simu kwenye bati. Mara ya mwisho nilipopokea, nilihitaji kuzima redio na kuziba sikio la pili ndipo nikasikia kidogo.

Leo asubuhi nimenunua laini mpya ya simu.