Nepi Juu ya Jabia

Selpher alikuwa dobi katika nyumba moja ya Wazungu huko Kileleshwa, Nairobi. Mumewe, Zadock, alikuwa karani wa forodha mjini. Waliishi na mtoto wao mchanga, Peres, katika chumba cha nyuma. Mfereji wa maji safi ulikuwa karibu na mlango. Kila mtu alimsifu Selpher kwa usafi.

Mwaka 1956 Zadock alihamishiwa kisiwa kidogo upande wa Lamu. Walisafiri kwa gari moshi, kwa basi, na mwisho kwa mashua.

Kisiwani hapakuwa na mfereji. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na sabuni haikutoa povu. Maji ya kunywa yalitekwa katika tangi lililochimbwa ardhini, nyuma ya nyumba yao. Kando ya tangi palikuwa na sakafu pana, nyeupe, iliyoinama kidogo.

"Wamejenga mahali pazuri pa kufulia," Selpher alimwambia mumewe.

Basi kila adhuhuri, watu wakiwa ndani kwa sababu ya jua kali, alifua nepi za Peres juu ya sakafu ile. Maji machafu yaliteremka, yakaingia katika tundu pembeni. Hakujiuliza yanakwenda wapi.

Baada ya wiki mbili watoto wa mtaa walianza kuharisha. Peres aliharisha. Mtoto aitwaye Mgeni, mjukuu wa jirani yao Khamisa, alilegea, macho yakaingia ndani. Alikuwa na miaka minne.

"Watu wa hapa hawajui usafi," Selpher alisema.

Siku moja adhuhuri Khamisa alitoka kumtekea Mgeni maji. Alimkuta Selpher amepiga magoti, mikono ikisugua nepi.

"Mwanangu, wafanya nini hapa?"

"Nafua nepi, Mama. Hii sakafu si ni ya kufulia?"

Khamisa alimshika mkono, akampeleka penye tundu. "Sikiliza."

Selpher aliinama. Alisikia maji ya nepi yakidondoka ndani ya tangi.

"Hii ni jabia," Khamisa alisema. "Mvua ikinyesha hapa, maji yaingia tundu hili. Ndiyo tunayokunywa mwaka mzima. Hatuikanyagi kwa viatu, seuze kufulia nepi. Mavi ya mtoto yana ugonjwa, hata mtoto akiwa mzima."

Selpher alikumbuka maneno aliyosema juu ya watu wa pale. Uso ulimwiva kwa haya. "Kwa hivyo ni mimi niliyemfanya Mgeni mgonjwa."

"Ni wewe," Khamisa alisema. "Na Peres pia. Hukujua. Sasa wajua. Chemsha maji mpaka yatokote, yapoe, umpe mtoto kidogo kidogo. Kisha twende zahanati sote wawili."

Jioni Zadock alitaka kwenda kuwaeleza majirani.

"Hapana," Selpher alisema. "Mimi ndiye niliyefua."

Asubuhi alipita nyumba kumi na moja. Aliwaambia wasinywe maji yale, akaeleza kwa nini. Mlango wa tatu ulifungwa kabla hajamaliza. Alisimama hapo kidogo, kisha akaenda wa nne.

Siku nyingi hakuweza kumtazama mtu usoni. Aliteka maji katika jabia nyingine, mwisho wa mji, akaanza kumtekea Khamisa, kisha akajitekea. Mavi ya Peres aliyatupa chooni. Nepi alizifua ndani ya karai kwa maji ya kisima, mbali na jabia, na maji machafu akayamwaga shimoni.

Mgeni alipona. Peres naye alipona.

Kabla ya masika wanawake walilikausha tangi. Selpher aliingia ndani akasugua kuta kwa chokaa mpaka vidole vikachubuka. Mvua ya kwanza ilipokuja, waliziba tundu, uchafu wa sakafu ukaoshwa na kumwagika nje. Mvua ya pili walilifungua. Mwaka ule watoto wa mtaa hawakuharisha tena.

Mwaka uliofuata alikuja askari mpya, na mkewe Nzula, kutoka Machakos. Wanawake walishauriana nani akamweleze habari za maji.

"Nenda wewe," Khamisa alimwambia Selpher.

Selpher aliona haya tena, lakini alikwenda. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi.

"Dada," alisema, "kwanza nitakuambia kosa nililofanya mimi."