Kaunta ya Wiebren

Siku Wiebren Dijkema alipomwona Hilke kwa mara ya kwanza, alimdhania fundi wa mafriji. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, supamaketi imefurika, nusu ya mji wa Groningen imekuja na vikapu vyake kukwepa mvua. Katikati ya msongamano ule alisimama mwanamke mwenye koti la rangi ya haradali, buti zimelowa, anapima rafu ya nyama kwa tepu.

"Bibie, nyama hapa tunauza kwa kilo," Wiebren alimwita kutoka nyuma ya kaunta yake ya bucha. "Kwa mita bado hatujaanza."

Mwanamke akageuka. Macho ya kijivu, tabasamu la upande mmoja.

"Natafutia dengu mahali pa kukaa. Nimetoka makao makuu."

"Dengu zina kwao, kule mwisho, karibu na chakula cha paka."

"Ndiyo maana hazinunuliwi. Watu hula wanachokiona." Akafungua kibakuli alichokuwa nacho mkobani. "Onja."

Wiebren akachukua kitonge cha dengu, akakitafuna taratibu, uso umemkunjika.

"Aliyepika hii hajawahi kumpenda mtu."

"Nimepika mimi."

"Basi nipe namba yako ya simu. Tuanzie kwenye kitunguu."

Wakaanzia kwenye kitunguu. Kila Jumapili Hilke alipanda ngazi hadi chumbani kwa Wiebren, juu ya duka la baiskeli, akavua koti na kukaa mezani huku mwenyeji wake akikaanga. Wiebren, aliyeshika kisu cha bucha tangu ujana, alijikuta anabishana na maharage: moshi kidogo, pilipili manga, siki ya tufaha mwishoni. Hilke alikula huku amefumba macho. Siku za kazi walipigiana simu.

"Umekula nini, mchinjaji wangu?"

"Soseji. Usinune."

"Sijanuna. Nimekukumbuka tu."

Jumatatu moja meneja akamwita Wiebren ofisini. Kaunta ya bucha itavunjwa kabla ya Pasaka. Ukuta wote utakuwa friji moja, vyakula vya maharage na njegere vikae bega kwa bega na nyama, bei sawa. Yeye atahamishiwa chumba cha baridi, kufungasha.

"Aliyepanga ni Hilke," meneja alisema. "Nilidhani amekwambia."

Wiebren alimpigia Hilke akiwa bado na aproni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ya tepu."

"Na Jumapili zote zile unakula kwangu."

"Nilikatazwa kusema, Wiebren. Halafu nikakupenda, nikaogopa. Kila nilivyozidi kuchelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu."

"Mimi nilikuwa nakwambia kila kitu," alisema, akakata simu.

Hakupokea tena simu za Hilke. Kaunta ikavunjwa, vigae vyeupe vikabebwa kama takataka. Chumba cha baridi kilimtia ganzi vidole, na kila Jumapili alilala mpaka mchana ili siku ipungue urefu.

Ijumaa moja akaenda kula kwa mama yake, Aaltje. Miaka mingi daktari wa moyo alikuwa amemkataza yule mama mafuta ya nguruwe, naye miaka mingi alikuwa amemjibu, "Ndiyo, daktari," na kupitia bucha njiani. Jioni ile aliweka mezani viazi vya kuponda na mboga, juu yake nyama ya kusaga. Wiebren akaonja. Haikuwa nyama.

"Maharage? Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Dukani kwenu nilinyoosha mkono kuchukua ile ya siku zote, nikaona hii iko hapo hapo, bei ile ile. Nikasema nijaribu." Akashusha macho kwenye sahani. "Kule karibu na chakula cha paka nisingeenda, naona aibu kuuliza. Sasa ni mwezi. Napanda ngazi bila kusimama katikati."

Wiebren akaweka uma chini. Mama akadhani imekosa chumvi.

Kesho yake alimkuta Hilke palepale kaunta ilipokuwa, anaonjesha wateja supu ya njegere. Amekonda. Koti ni lile lile.

"Mama yangu anakula maharage yako," Wiebren alisema.

Hilke akaweka upawa chini. "Sitasema najutia friji, Wiebren. Nikipewa kazi ile tena, nitapanga vile vile. Lakini nitakwambia siku ile ile, hata wanifukuze. Kwa hilo nakuomba radhi."

"Ni hilo tu nililotaka." Akachovya kijiko, akaonja supu. "Bado hujui kukaanga kitunguu. Nimemwomba meneja jiko, hapa hapa. Niwapikie watu waonje kitu chenye ladha."

"Amekubali?"

"Anafikiria. Kesho mama anataka kukuona, uje na njaa."

"Nitamwambia mimi ni nani wako?"

Wiebren akavua kofia ya kazi. "Mwambie wewe ni mchumba wangu. Ukitaka."

Nyuma yao mwanamke mwenye kitoroli alikuwa amekwama, hana pa kupita. Aliwatazama, akaegemea kitoroli chake, akangoja kusikia jibu.

"Nataka," alisema Hilke.