Kipande cha Keki Ihumwa

Petro Chidawali alilala chali kando ya lami ya Ihumwa, kiatu kimoja mguuni, cha pili kando ya baiskeli iliyopinda. Maziwa aliyokuwa akiyapeleka mjini yalikuwa yameshanywewa na vumbi. Jua la saa kumi lilikuwa bado linachoma.

Inspekta Aneth alimfunika shuka, kisha akakiokota kile kiatu na kukiweka karibu na mwenzake.

"Kesi hii imejimaliza yenyewe, Afande," alisema Sajini Khamisi wa usalama barabarani, aliyefika kabla yake. Mkononi alishika kipima ulevi kipya cha kituo, amekibeba kama mtu aliyebeba kifaranga. "Dereva amekiri. Nimempulizisha, taa nyekundu. Mdomo unanuka brandi."

Dereva mwenyewe, Ambokile, alikuwa ameketi chini, kijana mrefu aliyejikunja hadi akawa mdogo. Nyuma yake ilisimama pikapu iliyoshushwa karibuni kutoka Dubai, bampa imebonyea. Na kando ya pikapu alikuwa mwajiri wake, Mzee Ernest, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, mfupi, mnene, ndani ya suti ya harusi. Walikuwa wametoka harusini Kizota, wanarudi kwao.

"Ni wewe uliyeendesha?" Aneth alimuuliza kijana.

"Ni mimi, afande."

"Ulikunywa nini harusini?"

"Soda."

"Kifaa kinasema vingine."

Ambokile aliinua uso uliolowa. "Afande, kuua nimeua. Kunywa sijanywa. Mimi nimeokoka."

Mzee Ernest aliguna. "Huyu nimemlea tangu akiwa utingo wangu. Nimemwoza mke. Leo ananivua nguo barabarani."

"Na wewe mzee, ulikunywa?"

"Mimi abiria, mama. Abiria akinywa kuna kosa?"

"Hakuna."

Lakini jambo lilikuwa limeshamchoma Aneth. Mtu anakubali maiti, anakataa glasi. Mwongo wa kawaida hufanya kinyume chake.

Walipofika kituoni, alimwambia Ambokile apulize tena. Taa haikuwaka nyekundu. Ilikuwa ya kijani.

Khamisi alikigonga kifaa kwa kidole. "Betri hizi, Afande."

"Hebu tumjaribu mzee."

Mzee Ernest, aliyekuja kuandikisha maelezo, alicheka na kupuliza kwa mbwembwe. Nyekundu.

"Betri ni nzima," alisema Aneth. Alipobaki na Khamisi peke yao, akauliza, "Mzee amekunywa mchana, mpaka sasa pombe yake inawasha taa. Ya kijana imekwenda wapi?"

"Imeisha."

"Pombe ya kumwangusha dereva iishe kwa mwendo wa Ihumwa hadi hapa? Khamisi, ulimpulizisha mara tu ulipofika?"

Sajini alikuna kichwa. "Hata mlango wa Landrova sikuufunga. Si unajua, kifaa kigeni, mtu una hamu nacho."

"Kwenye kozi tuliambiwa tungoje. Mdomo ukiwa umetoka kuguswa na kileo, kifaa kinasoma mdomo, hakisomi damu."

"Sasa kama hakunywa, mdomo uliguswa na nini?"

Kwenye kaunta kulikuwa na mwanamke kijana, kichanga mgongoni, kanga imemkaa upande. Alikuwa Bupe, mke wa Ambokile.

"Shikamoo, afande. Mume wangu hanywi. Hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Wakimfunga, mimi na huyu tutakwenda kwa nani?"

Mtoto alianza kulia. Aneth, aliyekuwa na mtoto wake wa miezi michache nyumbani, alihisi kifua kikimjaa maziwa. "Mnyonyeshe kwanza, mdogo wangu," alisema. "Mengine niachie."

Alikwenda kuipekua pikapu. Chini ya kiti cha abiria alikuta boksi la keki, utepe wake umekatwa kwa pupa. Ndani ilibaki keki nyeusi iliyomegwa kwa mkono, imejaa zabibu kavu zilizovimba. Alipoinusa, harufu ilimpanda puani hadi macho yakamtoka machozi.

Mpishi wa keki za harusi pale Kizota alikuwa mama mmoja, Dorothea. Aneth alimkuta ukumbini akikusanya sinia zake.

"Shikamoo, mama. Keki hii ni ya kwako?"

"Marahaba. Ndiyo, hiyo ya wazee wa ukoo. Zabibu zake zimelala kwenye brandi juma zima, na ilipotoka jikoni nikainywesha tena. Watoto hawaigusi."

"Mzee Ernest alijua ina brandi?"

Mama Dorothea alicheka. "Ajue mara ngapi? Nilitaka kumkatia na dereva wake kipande, akanishika mkono. 'Huyo usimpe, ameokoka, atatuombea mpaka Kibaigwa.' Nikafunga boksi zima kwa utepe, nikampakatisha mzee mwenyewe. Fundo langu halifunguki kwa vidole, mpaka mkasi au kisu."

"Wakati wanaondoka, fundo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo. Ila aliyeshika usukani sikumwona, mwanangu. Niliwaaga mlangoni, nikarudi ndani."

Jioni hiyo Aneth aliliweka boksi mezani, mbele ya Khamisi.

"Kula."

"Afande! Kupuliza nitapuliza. Kula hiyo, nitamjibu nini mama Zainabu nyumbani?"

Ikabidi ale mwenyewe. Ukali ulimshuka kooni, mtamu, wa moto. Alipomeza tu akapuliza. Nyekundu.

"Afande umelewa!" Khamisi alipiga makofi.

"Weka saa mezani, unyamaze."

Walikaa. Khamisi, ambaye kunyamaza hakukuwa fani yake, alisimulia kesi nzima ya mbuzi wa jirani yake. Robo saa ilipopita, Aneth alipuliza tena. Kijani.

"Na kichwa changu kiko palepale," alisema. "Mtu akila sinia nzima, hilo jingine. Kipande kama hiki hakimtoi dereva barabarani. Kinakidanganya kifaa tu, tena kwa kitambo kidogo. Basi Ambokile aliila lini?"

Khamisi alianza kujibu, akasita. Mzaha ulimtoka usoni. "Nilipokuwa njiani kuja."

"Petro ameshakufa. Ameshalala pale. Khamisi, ni nani anayekula keki mbele ya maiti?"

Ambokile aliletwa. Aneth alilisogeza boksi mbele yake, naye akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Nani alikulisha?"

Ambokile alijifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Ambokile, mkeo yuko hapo nje."

"Baba," alisema mwishowe. "Mzee Ernest. Nilikuwa natetemeka. Akasema nitie kitu tumboni kabla polisi hawajafika. Akanilisha kwa mkono wake, kama alivyonilisha keki siku ya harusi yangu. Mkono wa baba haukataliwi, afande."

"Hukusikia ukali?"

"Nilisikia. Nilidhani ni tangawizi."

Aneth alimwambia maneno ya mama Dorothea, yote, bila kuyapunguza.

"Alijua?" aliuliza Ambokile.

"Alijua. Mchana alikataza usipewe. Jioni akakulisha mwenyewe."

Kijana aliweka viganja vyake juu ya meza. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Gari aliendesha yeye. Alitaka kulijaribu. Nilimsihi, akasema gari ni lake. Alipomgonga yule baba alishuka, akanishika mabega. 'Sema ni wewe. Wewe hunywi, itakuwa ajali tu, nitakutoa. Mimi wakinikuta na pombe nimekwisha.' Nikakubali. Nilikuwa yatima, afande. Ndiye aliyenipa nyumba na jina."

Mzee Ernest aliingia akitabasamu, kofia mkononi. Tabasamu lilipoliona boksi, likasimama.

"Sajini," Aneth aliuliza, "ulimkuta Ambokile ameketi wapi?"

"Nyuma ya usukani, Afande. Magoti yamegusa usukani, nikajiuliza mtu mrefu hivi anaendeshaje. Kiti kimevutwa mbele kabisa."

"Kiti cha mtu mfupi."

"Mama, hayo ni makisio," alisema Ernest.

"Utepe umekatwa na nani?"

"Sijui."

"Mfanyabiashara wa mahindi hatembei bila kisu cha kukatia magunia. Kitoe mfukoni."

Alikitoa polepole. Kwenye mkunjo wa kisu ulikuwa umenasa uzi mwekundu wa utepe, na ganda la sukari.

"Kijana wako alishakubali kukubebea," alisema Aneth. "Alishajitwisha maiti yako. Keki ilikuwa ya nini?"

Ernest alitazama mlangoni, ambako Ambokile alikuwa amesimama na askari. Hapo ndipo alipokaa, kwa uzito, kama gunia lililotupwa.

"Ameokoka," alisema. "Hujui watu hawa? Uongo hauwakai. Leo amekubali, keshokutwa angekwenda kanisani, angepiga magoti, angesema yote. Nagombea udiwani, mama. Nilitaka siku akisema, watu waseme: huyu si yule mlokole mlevi? Nani angemwamini?"

"Kwa hiyo uliogopa ukweli wake."

"Nilimjua. Nimemlea mimi."

Nje, mjane wa Petro alikuwa amefika na ndugu zake, wanaulizana kwa Kigogo kwa sauti za chini. Khamisi alimfunga mzee pingu, akamtoa. Alipopita mlangoni, Ernest alisema, "Mwanangu." Ambokile aligeuza uso ukutani.

"Utajibu shtaka la kutoa maelezo ya uongo," Aneth alimwambia baadaye. "Sitakuficha. Lakini nitasema pia jinsi ulivyosema kweli. Leo utakwenda kwa dhamana, mkeo anakungoja."

Ambokile aliitikia kwa kichwa. Hakuondoka.

"Afande, naomba maji nisukutue. Ile tangawizi haijanitoka mdomoni."

Kifaa kilikuwa kimeshasema zamani kwamba mdomo wake ni safi. Aneth hakumwambia. Alikwenda mtungini, akajaza kikombe mpaka juu, akampa kwa mikono miwili.