Tandala wa Mzee Muinde

Saa saba mchana Wanza alifunua sahani ya baba mkwe wake. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ulikuwa vile vile, na maharagwe yake juu. Kijiko kilikuwa kikavu.

"Baba, hata leo?"

"Nimeshiba, mwanangu," alijibu Mzee Muinde.

Alishiba nini? Asubuhi alikunywa chai nusu kikombe, basi. Wanza alirudisha sahani jikoni.

Mzee alikuwa na miezi miwili tu hapa Kishushe. Aliletwa kutoka Mutomo baada ya mke wake, Mukonyo, kufariki. Mwanawe Mutunga, mume wa Wanza na fundi wa kuchomelea vyuma, hakutaka baba yake aishi peke yake. Alimjengea chumba cha mabati na kumnunulia godoro jipya. Lakini mzee alizidi kukonda. Suruali yake sasa ilishikwa na kamba.

Walimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, hakuona ugonjwa.

"Hana ugonjwa," alisema. "Lakini asipokula, ataupata."

Maneno hayo yalimkosesha Mutunga raha. Jioni aliketi karibu na baba yake.

"Baba, unatamani nini? Sema tu, nitaleta."

Mzee alitazama vichaka vya ranchi, ng'ambo ya barabara.

"Tandala," alisema. "Nyama ya tandala."

Tandala ni mnyama wa jamii ya swala. Ana mistari myeupe ubavuni, na dume ana pembe zilizojipinda. Mzee Muinde aliwahi kuwawinda zamani sana, alipokuwa kijana. Mutunga hakuwahi kuwinda hata panya.

Kesho yake alimweleza Mulinge, fundi mwenzake.

"Sasa shida iko wapi?" Mulinge alicheka. "Hiyo ranchi ni ya jamii. Haina hata ua. Mnyama wa jamii ni wa nani? Ni wako na wangu! Kuna njia tatu. Kuna tochi ya kumduwaza usiku, kuna mbwa, kuna waya. Waya ndio rahisi. Unatega, unaenda zako kazini."

Ushauri wa bure ni mtamu. Lakini Mutunga alitaka kwanza kumuuliza baba yake. Mzee aliposikia, aliketi wima kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Unaijua nchi hiyo?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Upepo wa asubuhi unatoka wapi?"

"Sijui."

"Tandala wanalala wapi? Wanakunywa wapi? Wanapita njia gani?"

"Sijui, baba."

"Basi hata mbwa anakushinda akili. Mbwa atafukuza kila kitu. Tochi ni wizi. Na waya ni uvivu, unamuua usiyemtaka na wewe umelala! Mgeni hafukuzi mnyama. Mgeni anakaa. Nenda siku tatu mikono mitupu. Angalia nyayo, angalia mavi, angalia maji. Halafu tafuta mahali upepo unakupiga usoni, ukae kimya."

Mutunga alifurahi kusikia sauti ile ya zamani. Lakini siku tatu angezitoa wapi? Kazi ilikuwa inamngoja. Jumamosi asubuhi alitia vitanzi vinne vya waya kwenye mfuko, akavuka barabara.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Mutunga halikuvunjika, lakini halikufika mbali. Alikuwa ameinama kwenye kijia cha wanyama aliposikia sauti nyuma yake.

"Habari ya asubuhi, jirani. Umepoteza nini?"

Alikuwa Tryphena, mama anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alivaa sare ya kijani. Tryphena alikuwa askari wa jamii wa kulinda wanyamapori.

"Natafuta ng'ombe wangu," alisema Mutunga.

"Tangu lini una ng'ombe? Na hizo nyayo unazofuata ni za tandala." Tryphena alinyoosha mkono. "Nipe mfuko."

Alitoa vitanzi kimoja kimoja.

"Huu waya ungekuwa umeshafungwa mtini, saa hii tungekuwa njiani kwenda kortini Voi, mimi na wewe. Kuwinda kumekatazwa Kenya tangu mwaka 1977."

"Lakini hii si mbuga ya serikali. Ni ranchi ya jamii."

"Hata kama ni shamba lako mwenyewe. Ardhi ni ya jamii, lakini mnyama analindwa na sheria. Ukishikwa na nyama yake tu, ni kesi. Kuna faini kubwa, kuna jela. Mwezi jana waya kama huu ulimkata mguu ndama wa jirani yetu Hillary. Alichinjwa. Waya haujui huyu ni tandala, huyu ni ndama. Na hiyo nyama ya porini hakuna daktari wa mifugo ameipima. Mnyama akiwa na kimeta, mnaugua nyumba nzima."

Mutunga aliona aibu, na machozi yakamlengalenga. Akasema ukweli wote. Alimweleza kuhusu sahani zinazorudi zimejaa, na suruali iliyofungwa kamba.

Tryphena alimsikiliza hadi mwisho. Vitanzi alivitia kwenye begi lake.

"Hivi havirudi. Na nitaandika kwenye ripoti kwamba nimekuonya. Ukirudia, hakuna ujirani," alisema. "Lakini huyo mzee anajua kukaa kimya porini?"

"Ndiyo kazi aliyoijua."

"Wiki ijayo tunahesabu wanyama. Vijana wangu wanatembea wakipiga kelele. Wakifika, wanyama wameshaenda. Nitaomba ruhusa kwa meneja wa ranchi. Mlete, lakini msiingie bila mimi. Kuna ndovu huku."

Mzee alipoambiwa, alikasirika.

"Nikamwangalie mnyama na mikono mitupu? Mimi ni mtalii?"

"Baba, ni wewe uliniambia niende mikono mitupu."

Mzee akainuka kutafuta viatu vyake.

Siku ya kuhesabu, Tryphena aliwapeleka alfajiri hadi kwenye silanga, bwawa dogo la maji ya mvua. Alikuwa amechagua kichaka kilicho karibu kabisa na maji. Mzee alichota vumbi, akaliachia. Vumbi liliruka kuelekea majini.

"Hapa watatunusa," alisema. "Twende upande ule."

Aliwavusha hadi ng'ambo, mbali kidogo na maji, wakakielekea kijia cha wanyama kinachotoka msituni. Upepo sasa uliwapiga usoni. Wakaketi. Mutunga alitaka kukohoa, mzee akamtazama, kikohozi kikaisha.

Jua lilipanda. Kisha majani yakatikisika. Akatoka jike, akasimama, akasikiliza. Nyuma yake wakaja wengine wawili, na mtoto. Mwisho akatoka dume, pembe zake zimejipinda vizuri. Walipita karibu sana, hata Mutunga alisikia kwato zao.

Mzee aliwafuata kwa macho, uso umekunjamana. Mutunga hakujua kama ni furaha au ni uchungu. Yalikuwa yote mawili.

"Watano," mzee alinong'ona. "Majike watatu. Yule jike wa nyuma ana mimba."

Tryphena aliandika. "Mimi sikuona mimba," alisema.

"Utaiona ukikaa."

Tangu siku hiyo, Tryphena alimchukua mzee kila mwezi kuwafundisha vijana wake. Waliuliza, yeye aliwajibu kwa ukali, nao walizidi kumpenda. Mutunga naye alimwambia Mulinge kila kitu alichojifunza, na Mulinge hakutaja waya tena.

Lakini tusiruke ile siku ya kwanza. Walirudi nyumbani saa saba. Wanza aliandaa muthokoi na nyama ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, iliyopigwa muhuri wa ukaguzi. Mzee alinawa mikono. Alikuwa na mengi ya kusema.

"Walitoka watano," alianza. "Yule jike wa mbele alisimama hivi..."

Akageuka upande wa kushoto ili aendelee. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mkono wake ulibaki hewani.

Miaka arobaini na sita alirudi nyumbani na habari, za porini na za sokoni, na upande ule kulikuwa na mkewe Mukonyo akimngoja asimulie. Mutunga alielewa hapo. Nyama ya tandala haikuwa njaa yote ya baba yake.

Wanza aliweka sufuria chini. Alikuja taratibu, akaketi kwenye kiti kile.

"Alisimama vipi, baba?" aliuliza.

Mzee alimtazama. Akafuta macho kwa mkono wa shati. Akachukua kijiko, akala, na huku akitafuna akaendelea kusimulia.