Chupa Iliyoandikwa Mia Moja

Jumamosi nyumbani kwa Baba Kitenge ilianza na kelele za ndoo chini ya bomba la uani, kwa sababu mtaa wao wa Dilala ulipata maji alfajiri tu, na aliyechelewa alioga kwa matumaini. Halafu mkewe, Mama Laurentine, alisikika akijaribu nyimbo za kwaya huku akichekecha unga. Mwisho kabisa alisikika Baba Kitenge mwenyewe, akitafuta kiatu cha pili.

Baba Kitenge alifanya kazi kwenye depo moja ya mawe huko Musonoi, mahali wachimbaji walipoleta magunia yao ya shaba na kobalti. Kazi yake ilikuwa kupima teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Jiwe la teneur ya juu lilipokelewa kwa shangwe. Jiwe la teneur ya chini lilirudishwa, na mwenye gunia akaondoka amenuna.

Kazi hiyo ilikuwa imemfuata Baba mpaka mezani. "Mama Ariel, sombe ya leo teneur iko juu!" alimwambia mkewe, akiramba vidole vyenye mchuzi wa kisamvu. Alama za shule alizipima hivyo hivyo. Hata mahubiri hayakupona. "Pasta aliongea saa mbili nzima," alinong'ona siku moja, "lakini teneur ilikuwa chini." Mama alimkazia macho, na watoto wakashika mbavu kwa kicheko.

Aliyecheka zaidi alikuwa Abigaëlle, binti wa miaka kumi na mitatu, ambaye hesabu kwake zilikuwa tamu kama miwa.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Baba alikuwa kazini na Mama alikuwa mtaa wa Manika kwenye mazoezi ya kwaya. Abigaëlle alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga aliposikia mluzi kutoka chumba cha nyuma.

"Profesa, kuya hapa!"

Aliyemwita hivyo alikuwa kaka yake, Ariel, mwenye miaka kumi na sita. Kwa miezi miwili Ariel alikuwa akivuta sigara ya umeme kwa siri, ile inayotoa mvuke wenye harufu ya matunda. Sasa juu ya meza yake palikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano, chupa mbili za maji mazito kama mafuta, na chupa ndogo yenye picha ya fuvu la kichwa. Maandishi yake yalikuwa ya Kichina. Kitu pekee walichoweza kusoma kilikuwa namba: 100.

"Donatien njo alinipatia," Ariel alisema. Donatien alikuwa rafiki yake wa darasani. "Ni nikotini yenyewe. Leo nachanganya mwenyewe likidi yangu, yale maji ya kuvuta. Niliona video, ni kitu cha batoto."

"Mama atakuchinja, yaya," Abigaëlle alisema, kwa jina ambalo kwao huitwa kaka mkubwa.

"Mama hatajua. Weye utaapa."

Alikuwa ameshaleta Biblia ya Mama, ile yenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi. Abigaëlle aliitazama kwa woga. Lakini mbele yake alikuwa yaya Ariel, aliyembeba mgongoni kwenye matope siku alipozidiwa na malaria, na aliyewanyamazisha watoto wa mtaa waliomwita Miwani. Akaweka mkono juu ya Biblia.

"Sitasema," alinong'ona.

Ariel alimpa daftari. "Hii inasema mia moja. Ile Donatien anavutaka inasema tatu. Nitie ngapi?"

Abigaëlle alipiga hesabu kama mwalimu alivyowafundisha. Jibu lilipotoka, Ariel alicheka.

"Matone haya tu? Ndani ya chupa muzima?"

"Hesabu inasema vile."

"Abi, weye uko mutoto wa nani? Si wa Kitenge? Mawe ya teneur ya chini, kwa depo banafanyaka nini?"

"Banarudisha."

"Njo vile! Mi nataka teneur ya juu."

Akasukuma daftari pembeni na kuanza kumimina kwa kukisia. Mtu wa kwenye video alikuwa amevaa glavu. Ariel alisema huyo ni mwoga wa maji. Chupa yenye fuvu ilikuwa inateleza. Ikamponyoka, na karibu nusu yake ikammwagikia mikononi na kwenye suruali, juu ya mapaja.

"Haina kitu," alisema akijifuta kwa shati lake. "Sawa mafuta tu." Akajaza kifaa chake, akavuta mara tatu, akapuliza wingu zito kuelekea dirishani.

Abigaëlle alirudi kwenye sufuria zake. Hakuwa amemaliza ya pili aliposikia kiti kikianguka.

Alimkuta Ariel sakafuni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho lilimtiririka. Mate yalimtoka kama mtoto mchanga, na mikono ilitetemeka. Alitapika mara moja, kisha tena, kisha akamshika dada yake mguu.

"Usiseme," alisema. "Uliapa."

Abigaëlle alikimbia kumwita jirani, Mama Godelieve. Mama huyo alikuja na kitenge chake mkononi, akamgusa Ariel paji la uso na kusema ni malaria. Kisha akaona yale mate.

"Yesu wangu! Hii si malaria. Mutoto balimulisha sumu! Mawese! Leta mawese mbio!"

Mtaani kwao kila mtu alijua hivyo: aliyelishwa sumu hunyweshwa mafuta ya mawese. Abigaëlle alileta chupa ya mawese, kwa sababu mikono yake ilihitaji kufanya kitu. Alijua kwamba hakuna aliyemlisha Ariel chochote. Alijua, na akashika chupa. Mafuta mekundu yalimwagika kidevuni mwa kaka yake. Machache yalimpalia, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Alikula nini leo?" Mama Godelieve aliuliza.

"Bukari na sombe. Sawa siye bote."

Ilikuwa kweli, wote walikula ugali na kisamvu. Hakuwa amewahi kusema ukweli mbaya kama huo.

Mama Laurentine, aliyepigiwa simu na jirani, alifika kwa taxi-moto, yaani pikipiki ya abiria, akiwa bado na sare ya kwaya. Alipoona mwanawe anatetemeka, alimfunika blanketi zito na kumbana ili apate joto. Kisha akapiga magoti.

"Bwana Mungu," aliomba, "weye unaona kwenye siye hatuoni. Kile kimefichwa, kifunue. Usiangalie zambi zetu. Uniokolee mutoto."

Abigaëlle alisimama mlangoni. Alihisi kwamba sala ile ilipanda moja kwa moja mbinguni, ikageuka, ikaja kusimama mbele yake. Alifungua kinywa. Macho ya Ariel, mekundu na yenye machozi, yakamtazama. Akakifunga.

Walipakiana kwenye taxi-moto mbili, Ariel akiwa katikati ya dereva na Mama, bado ndani ya blanketi. Abigaëlle alifuata nyuma. Kwenye barabara kubwa malori ya mawe yalikuwa yamesimama foleni, moja nyuma ya jingine, hata pembeni hapakuwa na nafasi ya kupita. Dereva alipiga honi. Hakuna lililosogea. Abigaëlle aliona kichwa cha kaka yake kikiyumba begani kwa Mama kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Hakuweza kuyasukuma malori. Hakuweza kumshika. Kulikuwa na jambo moja tu aliloweza kufanya, na hilo ndilo aliloapa kutolifanya. Akalia bila sauti mgongoni mwa dereva asiyemjua.

Malori yaliposogea hatimaye, walifika kituo cha afya, wakapokelewa na muuguzi aliyeitwa Mama Fidélie, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimpima Ariel mapigo ya moyo, akamfunua macho, akanusa mdomo wake.

"Sumu ya nini?" aliuliza.

"Hatujui, mama," Mama Laurentine alijibu. "Alikula sawa benzake bote."

"Kama sijui ni nini, napigana na mutu mwenye sioni." Alimgeukia Abigaëlle. "Na weye? Ulikuwa naye?"

Abigaëlle alitazama vidole vyake. "Mama muganga, kama mutu aliapa juu ya Biblia…"

"Nani aliapa?"

"Mi."

Mama Fidélie hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamsogeza kitandani. "Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Angalia kifua ya yaya yako. Anapumua. Sasa hesabu mpaka apumue tena."

Abigaëlle alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kifua kikapanda. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kikapanda kidogo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita…

"Ni nikotini!" alipaza sauti. "Chupa imeandikwa mia moja! Alikuwa anachanganya likidi ya kuvuta, ikamumwangikia hapa, kwa mapaja na mikono. Mi njo nilipiga hesabu!"

"Alibadilisha nguo?"

"Hapana."

Mama Fidélie alilivuta blanketi na kulitupa sakafuni. Alivaa glavu, akakata suruali na shati kwa makasi, akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki. "Maji! Sabuni! Ndoo zote!" aliita. Walimwosha Ariel mikono, mapaja na tumbo, wakamwaga maji na kumwosha tena.

"Sumu hii inapita kwa ngozi," alisema huku akisugua. "Hata akilala tu, hii nguo ilikuwa inamulisha. Na blanketi ilizidisha. Mama, na weye osha mikono, ulimushika."

Mama Laurentine aliitazama mikono yake kana kwamba si yake.

Ariel aliwekewa mashine ya oksijeni ya kumsaidia kupumua. Kisha Mama Fidélie akasema neno lililokuwa gumu kuliko yote: "Dawa ya kuitoa ndani ya damu hatuna. Tumeosha, tunamusaidia kupumua. Sasa tunangoja."

Wakangoja. Baba Kitenge alifika na vumbi jekundu la Musonoi kwenye nyusi, akaketi nao kwenye benchi. Abigaëlle alimweleza yote, hata daftari, hata maneno ya Ariel kuhusu depo. Alipofika kwenye neno teneur, Baba alivua kofia yake na kuiweka magotini. Mama alisali midomo ikitikisika. Abigaëlle aliendelea kuhesabu. Kwa muda mrefu namba zilikuwa zilezile: sita, tano, sita. Jua lilipoelekea kushuka, alifika nne. Kisha tatu. Akahesabu mara kumi kabla ya kuthubutu kuwaambia.

Kesho yake, Jumapili mchana, Ariel alikuwa ameegemea mto, mnyonge kama kitambaa kilicholowa. Mama Godelieve alikuwa ameleta uji, na alikuwa mpole isivyo kawaida, maana muuguzi alishamwambia kuhusu mawese.

"Mutu mwenye hajitambue vizuri, usimunyweshe kitu," Mama Fidélie alirudia ili wote wasikie. "Si mawese, si maziwa. Sumu ikimumwangikia, mutoe nguo, muoshe na maji mingi na sabuni, mulete mbio. Na chupa mulete nayo."

Ariel alimtazama dada yake. "Abi, ulisema?"

"Nilisema."

Akafumba macho. "Aksanti," alisema taratibu.

Baba Kitenge alikuwa akizungusha kofia mikononi. "Ariel, nilifanya neno la kazi kuwa mchezo wa nyumbani," alisema, "na weye ukalifanya sheria. Mashine yangu inapimaka jiwe. Jiwe haina damu, haina moyo. Kwa mwili wa mutu, kile cha nguvu zaidi si kile cha muzuri zaidi. Na ile kitu, hata ya matone machache, haina kazi ndani ya kifua yako. Dada yako alipata hesabu ya kweli, lakini hata hesabu ya kweli haigeuze sumu kuwa chakula."

"Ndiyo, tata," Ariel alimjibu baba yake.

Abigaëlle alikuwa bado na jambo moja lililomchoma. "Mama," aliuliza, "nilivunja kiapo. Mungu atanikasirikia?"

Mama Laurentine alimvuta karibu na kumlaza kichwa kifuani.

"Mungu hapokeaka kiapo cha kuficha kitu chenye kinaua mutu," alisema. "Ukiombwa kuapa vile tena, toa mkono yako, ukimbie kwa mukubwa. Jana nilipiga magoti na kumwomba afunue chenye kilifichwa. Mwanangu, alikuwa amenijibu kabla sijasema Amina. Jibu ilikuwa imesimama pale kwa mulango, na kinywa imefungwa."